Rachel Carson na Ndege wa Uani

Mwanafunzi, kabla hujaendelea kusoma, nyamaza kidogo usikilize. Huenda unasikia shomoro juu ya paa la darasa, au njiwa katika mwembe ulio karibu, au chiriku vichakani. Umezizoea sauti hizo tangu utotoni, na kwa sababu hiyo huzitilii maanani. Sasa jiulize: kama ndege hao wangetoweka mmoja mmoja, ingekuchukua siku ngapi kutambua? Wiki moja? Mwaka mzima?

Sura hii inaeleza maisha ya mwanamke wa Marekani aliyetambua, na ambaye hakunyamaza baada ya kutambua. Jina lake ni Rachel Carson.

Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa na shamba la ekari 65 hivi, karibu na mto Allegheny. Usidhani kwamba walikuwa matajiri kwa kuwa walikuwa na shamba. Nyumba yao haikuwa na maji ya bomba, na mara nyingi fedha zilipungua. Mjini palikuwa na kiwanda cha kutengeneza gundi, na harufu yake mbaya ilienea kotekote. Lakini shambani palikuwa na msitu, bustani ya matunda na ndege wengi.

Mwalimu wake wa kwanza wa sayansi alikuwa mama yake, Bibi Maria Carson. Yeye alikuwa amefundisha shule kabla ya kuolewa. Alimchukua Rachel msituni akamwonyesha wadudu, maua na ndege, akamfundisha kutofautisha ndege mmoja na mwingine kwa sauti na kwa manyoya. Mdudu akiingia nyumbani, mama hakumponda. Alimkamata taratibu akamtoa nje akiwa hai. Huenda utacheka ukisikia hivyo, hasa ukifikiria mende wa jikoni kwenu! Lakini mtoto aliyelelewa hivyo alijifunza mapema kwamba hata kiumbe mdogo ana kazi yake, na kwamba mtu anapaswa kufikiri kabla ya kuua.

Rachel alipenda pia kuandika. Alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi aliandika hadithi ya ndege wawili wadogo wa rangi ya kahawia waliokuwa wakitafuta nyumba. Alipotimiza miaka 11 hadithi yake nyingine ilichapishwa katika gazeti la watoto. Na alipokuwa na miaka 15 aliandika habari za siku moja aliyoitumia porini na mbwa wake, akiwa amechukua kamera, akitafuta viota vya ndege.

Hapa tusimame kidogo. Pengine na wewe umewahi kutafuta viota. Watoto wengi hufanya hivyo, lakini si wote wanaofanya kwa nia njema. Wengine huchukua mayai wakayachezea. Wengine hubeba manati. Ujue kwamba mayai ya ndege yanahitaji joto la mwili wa mama yao. Ukimfukuza mama kiotani mara kwa mara, mayai hupoa na kifaranga hufa ndani ya gamba. Kwa hiyo ukikiona kiota, simama mbali, tazama kwa muda mfupi, kisha ondoka. Mtu anayetazama kwa utulivu huona mengi kuliko yule anayepanda mti na kunyoosha mkono.

Mwaka 1925 Rachel aliingia chuo cha wanawake katika jimbo lake. Alitaka kuwa mwandishi, na hivyo alianza kusomea lugha. Lakini mwalimu wake wa biolojia, Bibi Mary Scott Skinker, alifundisha somo hilo vizuri sana hata Rachel akabadili masomo. Wengi walimshangaa, maana siku hizo wanawake waliopata kazi ya sayansi walikuwa wachache mno. Yeye mwenyewe alidhani kwamba kwa kuchagua sayansi ameacha uandishi kabisa. Utaona baadaye jinsi alivyokosea.

Alihitimu mwaka 1929. Mwaka huohuo aliiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipokwenda kusoma viumbe wa baharini mahali paitwapo Woods Hole. Mwaka 1932 alipata shahada ya pili katika elimu ya wanyama. Kisha mambo yakawa magumu. Baba yake alifariki mwaka 1935, na dada yake mwaka 1937, akiacha mabinti wawili wadogo. Mzigo wa kuwatunza uliwaangukia Rachel na mama yake. Alipata kazi katika idara ya serikali ya uvuvi, akaandika vipindi vya redio kuhusu samaki. Hapo ndipo sayansi na uandishi vilipokutana. Alitoa vitabu juu ya bahari, na kimoja kilichotoka mwaka 1951 kilinunuliwa na watu wengi sana. Mwaka 1952 aliacha kazi ya serikali ili aandike tu.

Sasa inatupasa tumwache Bibi Carson kidogo tuzungumze juu ya dawa moja.

Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali iitwayo DDT huua wadudu wa aina nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili dawa hiyo ilitumiwa kuua chawa waenezao homa kali, na mbu waenezao malaria. Iliokoa maisha ya watu wengi, na mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1945, DDT iliuzwa madukani Marekani kwa kila mtu. Ilinyunyizwa mashambani, bustanini, majumbani na mabarabarani. Ndege za angani ziliimwaga juu ya misitu na juu ya vijiji, na watu waliokuwa chini hawakuulizwa kama wanaitaka.

DDT ina tabia mbili ambazo ni lazima uzielewe. Kwanza, haiozi upesi. Hukaa udongoni kwa miaka mingi. Pili, haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo ikiingia katika mwili wa mnyama haitoki kwa urahisi pamoja na mkojo. Hujificha katika mafuta ya mwili na kuzidi kidogo kidogo.

Bibi Carson alikuwa na wasiwasi juu ya dawa hiyo tangu mwaka 1945. Wataalamu wenzake walikuwa wakiijaribu, na yeye alitaka kuandika habari zake katika gazeti moja maarufu. Wenye gazeti hawakupendezwa. Basi akaendelea na mambo ya bahari, na miaka 13 ikapita.

Mwezi Januari 1958 alipata barua. Iliandikwa na Bibi Olga Huckins, rafiki yake aliyekaa katika mji wa Duxbury, jimbo la Massachusetts. Bibi Huckins na mumewe walikuwa na kiwanja chenye miti, wakakiacha kiwe makimbilio ya ndege. Waliweka pia beseni la maji ili ndege wanywe na kuoga. Katika majira ya joto ya mwaka 1957 ndege ya angani ilipita juu ya kiwanja hicho ikinyunyiza DDT iliyochanganywa na mafuta ili kuua mbu. Ndege saba walikufa papo hapo. Kesho yake asubuhi watatu wengine waliokotwa karibu na mlango. Walikuwa ndege waliomzoea, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakijenga viota katika miti yake. Siku iliyofuata wengine watatu walikutwa wamekufa kando ya beseni lao la maji, midomo imeachama na makucha yamekunjwa kifuani, ingawa Bibi Huckins alikuwa amelimwaga maji na kulisugua. Nyuki na panzi walitoweka. Mbu, ambao ndio waliokusudiwa, hawakutoweka.

Bibi Huckins hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mtu aliyeweka maji uani, akawajua ndege wake, na akaona walipokufa. Aliandika barua kwa gazeti la mji wa Boston kulalamika, na nakala akampelekea Bibi Carson, akimwomba amtafutie mtu mwenye uwezo wa kuzuia jambo hilo. Bibi Carson alitafuta. Aliwaomba waandishi wengine washike kalamu, lakini hakupatikana. Mwishowe aliona kwamba mtu aliyekuwa akimtafuta ni yeye mwenyewe.

Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Aliwaandikia wataalamu wa nchi mbalimbali, akasoma taarifa nyingi, na akapokea barua za watu wa kawaida waliosema kwamba ndege wa mtaani kwao wamekwisha. Tutatazama mambo mawili tu aliyoyakuta.

La kwanza lilihusu ndege aitwaye robin. Robin wa Marekani ni mkubwa kuliko shomoro, ana mgongo wa kijivu na kifua chenye rangi ya matofali. Watu wa huko wanampenda sana, kwa kuwa anaporudi kutoka kusini wanajua kwamba baridi inakwisha. Katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michigan palikuwa na miti mikubwa ya kivuli iitwayo elm. Miti hiyo ilishikwa na ugonjwa unaoenezwa na mdudu wa magamba ya mti, na kuanzia mwaka 1954 ilinyunyiziwa DDT. Mwaka wa kwanza robin hawakuonekana kuwa na shida. Mwaka uliofuata walianza kuanguka chini wakitetemeka, wakafa. Ajabu ni kwamba wengine walikufa muda mrefu baada ya dawa kunyunyizwa. Sumu ilitoka wapi?

Fikiri kidogo kabla hujasoma jibu. Majani ya elm yalipakwa dawa. Majani yalipukutika yakaanguka chini. Nyungunyungu waliyala majani hayo pamoja na udongo, na DDT ikabaki miilini mwao, lakini wengi hawakufa. Robin naye, chakula chake kikubwa ni nyungunyungu. Wataalamu walipima wakakuta kwamba nyungunyungu 11 wakubwa waliweza kubeba sumu ya kutosha kumuua robin mmoja. Na robin mwenye njaa aweza kuwala hao kwa muda wa dakika kama kumi hivi! Kutoka jani hadi nyungunyungu, kutoka nyungunyungu hadi ndege: hivyo ndivyo sumu ilivyosafiri katika mlolongo wa chakula. Aliyenyunyiza dawa hakumlenga robin hata kidogo.

La pili liligunduliwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya benki, Bwana Charles Broley. Mzee huyu hakukubali kukaa kitini. Kuanzia mwaka 1939 alipanda miti mirefu ya pwani ya Florida akiwavisha pete miguuni makinda ya tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ndiye ndege wa taifa la Marekani. Aliwavisha pete zaidi ya makinda 1,000. Kwa kuwa aliandika hesabu yake kila mwaka, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Baada ya mwaka 1947 mayai mengi hayakuanguliwa. Viota vilikuwepo, tai wakubwa walikuwepo, lakini makinda hayakuwepo. Mwaka 1958 alitembea maili 100 za pwani kabla ya kupata kinda mmoja wa kumvisha pete.

Je, kwa nini mayai hayakuanguliwa? Bibi Carson alishuku DDT, lakini namna hasa inavyofanya kazi haikujulikana bado. Wewe unaweza kuielewa kwa jaribio rahisi. Chukua yai la kuku, liweke katika bilauri, kisha mimina siki mpaka lifunikwe. Utaona mapovu madogo. Liache kwa siku mbili. Ukilitoa, litakuwa laini kama mpira, kwa maana gamba limeyeyuka na kubaki ngozi tu. (Usilile yai hilo, na unawe mikono.) Gamba lilikuwa nini, basi? Lilikuwa chokaa, ambayo kuku aliipata katika chakula chake. Siki imeiyeyusha. DDT haiyeyushi gamba kama siki ifanyavyo; yenyewe humzuia ndege kuweka chokaa ya kutosha wakati yai linapotengenezwa tumboni. Yai hutoka na gamba jembamba, na mama akilalia, linavunjika chini yake. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1967 huko Uingereza, wakati mtaalamu Derek Ratcliffe alipolinganisha mayai ya kozi ya zamani, yaliyohifadhiwa katika makumbusho, na mayai mapya.

Mwaka huo Bibi Carson hakuwa hai tena. Miezi michache baada ya kuanza kazi yake, mwishoni mwa mwaka 1958, mama yake alifariki, yule aliyemfundisha majina ya ndege. Nyumbani alikuwa na mtoto wa kiume, Roger, mjukuu wa dada yake, aliyeachwa yatima akiwa na miaka mitano. Mwaka 1960 madaktari walimkuta na saratani ya titi. Alipasuliwa, lakini ugonjwa ulienea. Kulikuwa na majuma ambayo hakuweza kuketi mezani, na wakati mwingine macho yake yaliuma hata asiweze kusoma alichokiandika. Aliwaficha watu wengi ugonjwa huo. Aliogopa kwamba wapinzani wake wangesema anazilaumu dawa kwa kuwa yeye ni mgonjwa.

Kitabu kilitoka tarehe 27 Septemba 1962. Jina lake laweza kutafsiriwa kuwa majira ya kuchipua majani yasiyo na sauti, yaani majira ambayo hakuna ndege wa kuimba. Mwishoni aliweka kurasa zaidi ya 50 za orodha ya taarifa alizozitumia, ili mtu yeyote mwenye shaka aende akahakikishe. Wenye viwanda vya dawa walikasirika sana. Walitumia fedha nyingi kumpinga, na kampuni moja ilijaribu kuzuia kitabu kisichapwe. Wengine walisema kwamba yeye ni mwanamke mwenye woga tu, asiye na shahada ya udaktari. Yeye hakuwajibu kwa matusi. Rais John Kennedy aliagiza wataalamu wake wachunguze jambo hilo, na mwezi Mei 1963 taarifa yao ilikubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mwezi uliofuata Bibi Carson alikwenda mbele ya kamati ya Baraza la Seneti kutoa maelezo. Waliokuwepo hawakujua kwamba alikuwa akitembea kwa shida, wala kwamba nywele alizovaa zilikuwa za bandia.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56.

Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972. Mwaka 1963 tai wenye kichwa cheupe waliohesabiwa katika majimbo yote ya Marekani, isipokuwa Alaska na Hawaii, walikuwa jozi 417 tu. Baada ya marufuku, mayai yalianza tena kuanguliwa. Mwaka 2007 jozi zilikaribia 10,000, na ndege huyo akaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Kuna jambo moja ambalo watu hulieleza vibaya, na ni afadhali ulijue sawasawa. Bibi Carson hakusema kwamba dawa zote za kuua wadudu zipigwe marufuku. Alisema zitumiwe kwa uangalifu, mahali zinapohitajika tu, na na watu wanaojua madhara yake. Alionya pia kwamba dawa ikimwagwa ovyo, wadudu huizoea na mwisho haiwaui. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua maana ya malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Upare na Taveta zilinyunyiziwa ndani dawa ya jamii hiyo, iitwayo dieldrin, na malaria ilipungua. Katika mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 mataifa yalikubaliana kuacha kutumia DDT katika kilimo, lakini yaliruhusu itumike dhidi ya mbu waenezao magonjwa. Kunyunyiza ukuta wa ndani, anapotua mbu, si sawa na kuimwaga kutoka angani juu ya miti yote ya kijiji.

Tena, si kila ndege ni rafiki wa kila mtu. Muulize mkulima wa mpunga au mtama juu ya kwelea kwelea! Kundi lao likitua shambani, kazi ya miezi hupotea kwa siku chache. Serikali hutuma ndege za angani kunyunyiza sumu mahali wanapolala usiku. Lakini bundi na tai wakiwala kwelea kwelea waliokufa kwa sumu, nao waweza kufa, kama robin alivyokufa kwa sababu ya nyungunyungu. Katika wilaya ya Kondoa, Tanzania, wapo watu wanaowatega kwelea kwelea na kuwafanya kitoweo. Hiyo ni njia ndogo, haiwezi kulimaliza kundi lote, lakini haimdhuru bundi.

Na huyo bundi mwenyewe ameonewa sana. Watu wengi humpiga mawe kwa kuamini kwamba akilia juu ya paa analeta msiba. Usiku kucha kazi yake ni kukamata panya, wale wale wanaokula mahindi ghalani. Mwache.

Sasa utazame uwanja wa nyumbani kwenu kama Bibi Huckins alivyoutazama wake. Mbayuwayu akijenga kiota cha udongo chini ya paa, usikibomoe. Anakula wadudu wanaoruka, na mbu wakiwemo. Wakati wa kiangazi weka kigae au sahani pana yenye maji mahali pa kivuli, yasizidi kina cha kidole, na uyabadili kila siku ili mbu wasizaliane humo. Mti wenye tundu usikatwe kwa kuwa umezeeka tu, maana ndani ya tundu huenda mna makinda. Baba au mama akipanda mbegu zilizopakwa dawa, saidia kuzifukia zote vizuri, kwa sababu ndege huziokota zilizobaki juu. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe kijitoni wala kisimani. Na wewe mtoto usilishike bomba hilo kamwe. Hiyo ni kazi ya mtu mzima anayejua kusoma maagizo ya kwenye chupa.

Ukimwokota ndege aliyekufa bila jeraha, usimguse kwa mikono mitupu na usimpe paka. Andika mahali ulipomkuta, siku na saa, kisha mweleze mwalimu. Akiwa mmoja, huenda alizeeka tu. Wakiwa watano mahali pamoja, lazima pawe na sababu.

Kazi ya kufanya

Chagua mti mmoja ulio karibu na nyumba yenu au shule. Kila siku asubuhi, kwa muda wa dakika 10, kaa mahali pamoja na uhesabu ndege wanaotua katika mti huo. Kama hujui jina la ndege, andika rangi yake, ukubwa wake ukilinganisha na shomoro, umbo la mdomo, na anachokula. Kisha waulize wazee wa kijijini, kwani wao wanajua majina mengi yasiyo katika vitabu. Andika pia kama mvua ilinyesha, na kama kuna mtu aliyenyunyiza dawa karibu. Siku ambayo hukuona ndege hata mmoja, usiiruke. Andika tarehe na sifuri. Fanya hivyo kwa siku 30, halafu ulete daftari lako darasani mlinganishe hesabu zenu.